Mwenye Koti Jeupe Naye ni Mfanyakazi

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa tawi)



Labda wengine wenu mnajiuliza, mtu wa karakana ya reli, aliyesoma shule ya msingi ya misheni tu, ana neno gani la kumwambia daktari wa meno? Swali hilo ni la haki. Mimi sijui kung'oa jino. Lakini kuajiriwa nakujua, na kupunjwa katika kuajiriwa nakujua pia.

Dada yangu mdogo amesoma udaktari wa meno miaka mitano. Karo tuliichanga ndugu wote, hata ng'ombe mmoja wa mama akauzwa. Baada ya masomo alitumika mwaka mmoja hospitalini kama mwanagenzi. Mwezi uliopita alikuja kwangu jioni ana barua mkononi, amefurahi sana. Alikuwa amepata kazi kwa tajiri mwenye kliniki ya meno, naye alitaka kutia sahihi kesho yake asubuhi, asije mwingine akamtangulia.

Tulikaa mezani tukaisoma barua ile neno kwa neno. Ilisema atalipwa "sehemu" ya fedha za wagonjwa, lakini sehemu gani haikusema. Saa za kazi hazikutajwa. Tena ilisema akiondoka asifanye kazi ya meno katika mji ule kwa miaka miwili. Nikamwuliza, "Ikipita wiki pasije mgonjwa, utakula nini?" Akanyamaza.

Ndugu zangu, sikumcheka. Kazi yangu ya kwanza kabisa, kabla sijaingia reli, karani alinionyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi, nami nikatia bila kusoma. Nilifanya kazi kila siku kwa mwaka mzima, huku nikiandikwa kibarua wa siku. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 ilikuwa upande wangu, kwa maana kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazotimiza mwezi hawezi kuendelea kuhesabiwa kibarua wa siku. Lakini haki usiyoijua ni kama fedha iliyozikwa shambani kwako. Waipita juu kila siku na njaa inakuuma.

Basi kijana anayemaliza masomo ya meno ajitayarishe namna gani? Nina mambo manne.

La kwanza ni vyeti. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974, na siku hizi Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kinafundisha pia. Lakini shahada peke yake haimpi mtu ruhusa ya kutibu. Kwanza huandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, kisha hutumika mwaka wa uanagenzi katika hospitali iliyokubaliwa, ndipo huandikishwa kamili. Baada ya hapo leseni yake hufanywa upya kila mwaka. Kwa hiyo weka nakala za vyeti vyako mapema, na usikubali tajiri akuambie, "Anza kazi, karatasi zitafuata." Likitokea jambo, atakayeulizwa ni wewe.

La pili ni mwili wako. Sisi wa reli twajua kwamba kazi hula mtu polepole. Daktari wa meno hufanya kazi na sindano na vyombo vikali ndani ya kinywa chenye damu na mate. Kabla ya kugusa mgonjwa wa kwanza, apate chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa kawaida ni sindano tatu katika muda wa miezi sita. Akichomwa na sindano iliyotumika, asifiche kwa haya. Aoshe kwa sabuni na maji, atoe habari, na apimwe upesi. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Aulize mapema: Glavu zipo? Miwani ya kukinga macho ipo? Chombo cha kusafishia vyombo kwa mvuke kinafanya kazi, au kimewekwa kama pambo? Tena aangalie namna anavyokaa, kwani madaktari wengi wa meno huumia shingo na mgongo kwa kuinama siku nzima. Na akiumia kazini, iko Sheria ya Fidia ya mwaka 2007, inayomhusu yeye kama inavyotuhusu sisi.

La tatu ni barua ya kazi. Sheria yasema mapatano ya kazi ya miezi mitatu au zaidi yawe kwa maandishi. Yaonyeshe kazi yenyewe, mahali, siku ya kuanza, saa, mshahara na jinsi utakavyolipwa. Muda wa majaribio usizidi miezi sita, nao hauongezwi ila wewe mwenyewe ukubali. Likizo ya mwaka yenye malipo isipungue siku 21 za kazi. Ukiambiwa, "Wewe si mfanyakazi, wewe ni mshirika wetu," jiulize: saa zako anazipanga nani? Vyombo ni vya nani? Bei anaikata nani? Ikiwa yote ni yeye, basi ushirika huo ni wa jina tu. Chukua barua nyumbani, ilale usiku mmoja, isomwe na mtu mwingine.

La nne, nalo ndilo kubwa, ni wenzako. Madaktari, wafamasia na madaktari wa meno wana chama chao, kilichoandikishwa mwaka 2011. Toka Desemba 2016 mpaka Machi 2017 waligoma siku 100, na viongozi wao wakatiwa gerezani. Mwezi wa Juni 2017 mapatano yao yakatiwa sahihi. Kwa mapatano hayo mwanagenzi alikuwa apate shilingi 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikasema itawalipa wanagenzi 70,000, yaani theluthi moja na kidogo tu. Vijana walikuwa wamekaa nyumbani wakingoja kupelekwa hospitalini. Ni rahisi kumpunja mtu aliyengojeshwa. Lakini hawakuachwa peke yao. Madaktari waliokwisha kuwa na kazi na mishahara yao waligoma pamoja nao, toka Machi mpaka Mei. Mgomo ukaisha na neno la wanagenzi halijamalizika, wakaendelea kulishika, hata Desemba 2024 serikali ikakubali kwa maandishi kuyafuata mapatano ya 2017.

Lifikirini jambo hilo. Kama kila kijana angekwenda peke yake na shahada yake kubwa, angekubali 70,000 na kushukuru. Elimu ni kitu chema sana, lakini haimtoi mtu katika kundi la wafanyakazi. Anayeuza kazi ya mikono yake, iwe mikono ya grisi au ya glavu, ni mfanyakazi, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa haki ya malipo ya haki na ya kuingia chama.

Mtauliza dada yangu alifanyaje. Alirudi kwa tajiri na maswali matatu yameandikwa kwenye karatasi. Tajiri alikasirika kwanza, akasema madaktari wanaotafuta kazi ni wengi. Dada akamwambia kwa adabu kwamba atangoja. Baada ya siku nne aliitwa. Mshahara wa mwezi umeandikwa, saa zimeandikwa. Neno la miaka miwili bado wanabishana, na kalamu yake haijagusa karatasi.

Mama ananipigia simu kila jioni kuuliza kwa nini mtoto hajaanza kazi. Ninamwelewa, kwani ng'ombe alikuwa wake. Lakini nawaomba ninyi wazazi, msimsukume mtoto atie sahihi kwa kuwa majirani wanauliza. Tumemsomesha asimame wima. Tumwache asimame.