Daftari la Parokia ya Eyam
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Jioni hii twaomba ruhusa kuwapeleka hata Eyam, parokia ndogo ya mashamba katika milima ya Derbyshire, Uingereza. Wenyeji wake wa zamani hawakuwa watu wa vyeo: walikuwa wakulima, wachimbaji wa madini ya risasi, na mafundi wachache. Lakini majina yao yangalipo, na sababu yake yatuhusu sisi tushikao kalamu.

Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na daftari, na humo uandikwe kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko.

Septemba 1665 alizikwa pale Eyam mshona nguo, jina lake George Viccars. Yasimuliwa ya kuwa alifungua mzigo wa nguo uliotoka London, akazianika mbele ya moto, na ndani yake mlikuwa na viroboto wa tauni. Majirani wakaanza kufa. Padre William Mompesson, akisaidiwa na Thomas Stanley aliyemtangulia, akawasihi watu wasikimbie, wasije wakaueneza ugonjwa katika vijiji vingine. Wakakubali. Chakula kililetwa mpakani, nao wakaacha fedha ndani ya siki, katika matundu ya jiwe. Agosti 1666 Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita kwa siku nane. Mwezi huo mke wa Padre naye akafa. Tauni ilipokoma, Novemba, waliokufa walikuwa yapata 260.

Twajuaje hayo? Kwa kuwa daftari la parokia lina majina yao, moja moja, pamoja na tarehe.

Tena, tangu mwaka 1813, sheria ilitoa madaftari yaliyopigwa chapa, yenye nafasi ya kazi ya baba wa kila mtoto abatizwaye. Ndipo mhunzi, msaga unga, fundi wa magurudumu na kibarua wa shamba wakaandikwa, kila mtu na kazi yake.

Mabwana, habari za wakubwa huandikwa na wengi. Za mtu mdogo huenda zikaandikwa na karani peke yake. Nasi tukiri kosa letu: mara nyingine tumeandika jina nusu, kwa kuwa watu walikuwa wengi na saa ya kufunga imekaribia. Basi kesho, mzee akisimama mbele ya meza yetu, tumwulize jina lake, la baba yake, na kazi yake. Tumngoje amalize, ndipo tuandike.