Mbu Hana Pasi



Mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, wataalamu waligundua kirusi ambacho leo dunia nzima inakijua kwa jina la msitu huo. Mwaka 1959 homa ya o'nyong'nyong ilizuka Uganda hiyo hiyo, ikavuka hadi Kenya na Tanganyika. Mwaka 2016 chikungunya, iliyotambuliwa kwanza kwetu Newala mnamo 1952, iliwaangusha watu wa Mandera, mpakani mwa Kenya na Somalia. Mbu hana pasi, wala hasimami kwenye kizuizi.

Walinzi wa mipaka ndio walio karibu naye. Majeshi ya Marekani yaliyokwenda Somalia mwaka 1992 yalikuta dengi miongoni mwa askari wake waliougua homa. Askari mwenye dengi akidhani ni malaria, akameza aspirini kutuliza maumivu, hujiongezea hatari ya kutokwa damu.

Kwa hiyo adui lazima atambuliwe. Lakini virusi vya dengi, Zika na homa ya manjano ni vya ukoo mmoja. Kipimo kinachotafuta kingamwili katika damu huweza kumnyooshea kidole asiyehusika, kama shahidi katika gwaride la utambulisho aliyepangiwa ndugu wanaofanana.

Sayansi imepata njia. Wataalamu huchukua jeni ya kirusi, wakaipandikiza katika bakteria au seli za wadudu. Hizo huzalisha protini ya kirusi pasipo kirusi chenyewe, na hivyo fundi wa maabara hahitaji kufuga kirusi hai. Huchaguliwa sehemu inayotofautiana zaidi na ya ndugu zake, mithili ya kovu usoni mwa mshukiwa. Kingamwili zikiishika protini hiyo, kirusi kimeacha alama yake. Kipimo hiki bado huweza kukosea, na kingamwili huchukua siku kadhaa kuonekana. Hata hivyo, ushahidi wake ni bora kuliko kubahatisha.

Uganda ina taasisi ya utafiti wa virusi Entebbe, na Kenya ina taasisi yake ya utafiti wa tiba. Nasi tunao wataalamu. Kiwanda cha ng'ambo hakina haraka na o'nyong'nyong, kwani haiwaumi watu wake. Basi majirani na tutengeneze protini hizi kwa pamoja na tupashane habari mapema. Na wewe askari, homa isiyoonekana kuwa malaria usiifiche. Iripoti kwa mganga wa kikosi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.