Kamba na Zamu ya Usiku
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kikoneni)



Sisi ni wauguzi wa wagonjwa wa akili. Hapa Kikoneni nyote mmeona kijana akipakiwa garini kupelekwa hospitali, mikono imefungwa kamba. Mwadhani akifika kwetu kufungwa kumekwisha. Sivyo. Mara nyingine twamfunga kitandani kwa shuka, au twamtia chumba cha peke yake na kufunga mlango.

Usiku mmoja tulikuwa wawili kwa wadi nzima. Mgonjwa aliomba maji. Tulikuwa tumemshika mwingine aliyeangushwa na kifafa, hatukwenda. Akaomba tena, na mara ya tatu akavunja kioo. Tukamfunga hadi alfajiri. Kitabuni tuliandika neno moja: "mkali". Habari ya maji hatukuiandika.

Wako wenzetu wasemao, je, tukae tupigwe? La. Lakini majeraha yetu mengi tuliyapata wakati wa kumkamata mtu, si wakati wa kusema naye. Naye mgonjwa akilazwa kifudifudi na kukandamizwa mgongoni aweza kukosa pumzi akafa.

Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa ulikubali kanuni: mgonjwa asifungwe wala kutengwa ila pale ambapo hakuna njia nyingine ya kuzuia madhara yaliyo karibu, isizidi muda unaohitajika, sababu iandikwe, awepo mtu wa kumwangalia kila mara. Mtu huyo atoke wapi, nasi tu wawili?

Daktari John Conolly aliondoa vifaa vya kuwafunga wagonjwa katika hospitali kubwa ya Hanwell, karibu na London, mwaka 1839. Alisisitiza wahudumu wawe wa kutosha na wenye upole. (Vyumba vya kufungia alivibakiza, kwa hiyo naye hakumaliza kazi.)

Hivyo basi twaomba chama kidai mambo haya: mtu wa tatu zamu ya usiku, mafunzo ya kumtuliza mtu kwa maneno, na kila afungwapo mgonjwa, asubuhi tukae naye tumwulize nini kilitangulia, kisha tuandike jibu lake. Hili la mwisho halina gharama, nasi tumekwisha kulianza.

Yule wa maji tulimwuliza siku ya pili. Alisema dawa humkausha koo. Sasa mtungi na kikombe vyakaa karibu na mlango wa wadi usiku kucha.

Barua ya madai iko kwa Katibu. Atakaye kutia sahihi amwone kabla ya mkutano kufungwa.