Kibali Kilichoshikwa na Mwajiri

Ada ya dola 100,000 ambayo Rais wa Marekani aliitangaza tarehe 19 Septemba 2025 kwa maombi mapya ya viza ya H-1B, yaani kibali cha muda ambacho mwajiri humwombea mtaalamu wa kigeni, imejadiliwa sana kama suala la fedha, ilhali linalokitia kituo hiki wasiwasi ni kwamba kibali chenyewe kimeshikwa na mwajiri.

Wahindi ndio takriban asilimia 70 ya wanaoidhinishiwa viza hiyo, wakifuatwa kwa mbali na Wachina. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa rangi au asili ya taifa lake, na inampa siku 180, ambazo katika majimbo mengi hufika 300, za kuwasilisha malalamiko. Lakini mtaalamu huyo akiachishwa kazi hupewa siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi yake ya ukaazi au kuondoka nchini. Lafudhi yake ikichekwa kikaoni, ananyamaza, kwa kuwa kibali kimeshikwa na mwajiri. Cheo kikienda kwa kijana aliyefundishwa kazi naye, ananyamaza, kwa kuwa kibali kimeshikwa na mwajiri. Kisha husemwa kwamba Waasia ni hodari wa hesabu ila si watu wa kuongoza, kana kwamba ukimya uliolazimishwa ni tabia ya kuzaliwa nayo. Hoja hiyo ni ya aibu.

Ukaazi wa kudumu nao hautoi nafuu ya haraka, kwani nchi moja haipati zaidi ya asilimia 7 ya nafasi za mwaka, na Mhindi huweza kungoja zaidi ya miaka kumi, muda wote huo kibali kikiwa kimeshikwa na mwajiri.

Wahandisi na watafiti kutoka Afrika Mashariki wamo katika mkumbo huohuo. Bunge la Marekani na likitoe kibali mikononi mwa mwajiri, limkabidhi mfanyakazi! Na wasikilizaji wenye jamaa huko wawahimize watunze kila barua na kila tathmini ya kazi, wamwone wakili mapema, wala wasingoje kufukuzwa ndipo waanze kuhesabu siku.