Taja Kazi Yako Kabla ya Kutaja Kompyuta

 Tumekuja kuzungumza nanyi wananchi wa Ilomba, na hasa ninyi mnaohariri video za harusi, mnaorekodi kwaya na mnaosanifu mabango na kadi, kuhusu ununuzi wa kompyuta ya mezani ya kazi nzito. Kifaa hicho hugharimu mamilioni ya shilingi, na wengi hukinunua kwa akiba ya miaka au kwa mkopo wa kikoba. Kikikosewa, marejesho huendelea ilhali kazi imesimama.

Wanunuzi wengi huingia dukani wakiwa na jina mdomoni: "Nataka Core i7." Jina hilo lilianza kutumika mwaka 2008, na tangu hapo limebandikwa kwenye vizazi vingi vya prosesa vinavyotofautiana mno kwa uwezo. Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili ni ya kisheria, nayo haisemwi vya kutosha. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humpa mnunuzi kinga: akimjulisha muuzaji wa bidhaa za aina hiyo kazi mahususi anayoikusudia, na ikaonekana kwamba ametegemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa sharti iifae kazi hiyo. Lakini aliyeagiza kitu mahususi kwa jina lake la kibiashara hawezi kuitegemea kinga hiyo. Ndiyo maana tunasisitiza: mweleze muuzaji kwamba unahariri video za 4K, utaje programu unayotumia na saa unazofanya kazi kwa siku, kisha umwombe ayaandike maelezo hayo kwenye ankara. Risiti ya EFD usiiache dukani.

Kazi zenyewe hazifanani. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde huzalisha takriban gigabaiti 45 kwa saa. Harusi ya saa nne yenye kamera tatu hufikia gigabaiti 540 kabla hamjakata hata kipande kimoja. Mhariri wa video basi anahitaji SSD ya kufanyia kazi, diski kubwa ya kawaida ya kuhifadhia, kadi ya picha yenye kumbukumbu yake yenyewe, na RAM ambayo tungeshauri isipungue gigabaiti 32. Mwenye studio ya muziki hana haja ya kulipia kadi ya picha ya bei kubwa. Fedha hiyo aielekeze kwenye prosesa yenye kasi, RAM na feni zisizovuma karibu na maikrofoni. Msanifu wa mabango na aangalie kwanza skrini inayoonyesha rangi kwa usahihi.

Zipo pia mashine zilizotumika ng'ambo, nyingi zikiwa na prosesa za Xeon, zinazosifiwa kuwa za kitaalamu. Si mbaya kwa kila kazi. Hata hivyo, nyingi kati ya zile za zamani hazina sehemu maalumu ya kufungua video zilizobanwa, na kadi ya picha nayo ikiwa kuukuu, video ya simu ya kisasa hukwamakwama. Kama mashine imetoka Marekani, tazama nyuma yake: baadhi ya pawa saplai zina swichi ndogo ya volti. Ikiwa imewekwa 115, ukaichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, itaungua papo hapo.

Msikubali kuonyeshwa kibandiko pekee. Nendeni na video yenu wenyewe kwenye flashi, muifungue na kuihariri kidogo kabla ya kulipa. Kwenye Windows, Task Manager huonyesha jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM na ukubwa wa diski. Kadi ya picha inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa zipo za zamani zilizochezewa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kwa jina jipya. Mzigo wa kazi halisi ndio huziumbua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kwa namna hiyo.

Wengi wenu huagiza Kariakoo, na mzigo hupanda basi kwa safari ya zaidi ya kilomita 800. Hapa pana jambo zito. Kwa kawaida ya sheria, muuzaji anapomkabidhi msafirishaji mzigo aliotakiwa kuupeleka, huhesabiwa kuwa amekukabidhi wewe, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Basi kubalianeni vinginevyo, kwa maandishi, kabla ya kutuma fedha: kwamba hasara ya njiani ni ya muuzaji hadi mashine iwake mbele yako Ilomba. Mwombeni pia aitoe kadi ya picha na kuifunga peke yake, kwa maana ile nzito huweza kuvunja nafasi yake kwa mtikisiko. Boksi lipigwe video likifunguliwa. Kazi hiyo, bila shaka, hamhitaji kufundishwa.

Mashine ikishindwa kazi mliyoitaja, mrudieni muuzaji kwanza, kwa barua yenye tarehe, na mbaki na nakala. Asipojibu, leteni ofisini kwetu nakala hiyo, ankara, risiti, ujumbe wa simu mlioandikiana na video ya boksi. Mashine yenyewe isifunguliwe na fundi mwingine kabla hatujaiona.