Parsele ya Baba Isivunje Undugu

Fungua Luka 12:13-15. Mutu mumoja alimwomba Yesu amwambie ndugu yake wagawane urithi. Yesu alikataa kuwa mwamuzi wao, akawaonya juu ya tamaa.

Kwetu Kindu tunayaona: Kasuku, Mikelenge, hata Alunguli ngʼambo ya Lualaba. Baba anakufa, matanga haijaisha, mukubwa anaficha karatasi za parsele na kutafuta wa kununua. Mudogo anauzia mwingine. Dada anaambiwa: «Wewe uliolewa, hauna fungu.» Mama mujane anaambiwa afunge mizigo.

Sheria ya familia ya inchi yetu, ya tarehe 1/8/1987, haisemi hivyo. Watoto wote, wa kiume na wa kike, wanarithi sawasawa. Mujane ana haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Na zamani sana, katika Hesabu 27, binti za Selofehadi walidai fungu la baba yao, naye Bwana akawapa haki.

Basi ninyi munaotaka kuuza, muketi wote, pamoja na mama na dada. Mumoja akikataa, mumusikilize: pengine ndiye asiye na pahali pengine pa kulala. Bei ijulikane, wote watie sahihi, feza ihesabiwe mbele ya wote.

Nawe unayenunua, uliza kwanza: mama yao amekubali?

Katika Mwanzo 13, Abramu aliye mukubwa alimwachia Loti achague mbele. Hakupungukiwa kitu. Mukubwa wa familia, wewe unaogopa nini? Amina.