Mshale wa Kijani Haupimi Poda

*Hotuba ya afisa wa zimamoto kwa wenye maduka, wasimamizi wa shule na wenye matatu, mjini Machakos*

Najua mmeacha biashara ili mje hapa, kwa hivyo sitawachelewesha.

Nina swali moja. Ni nani kati yenu aliyewahi kuona kilicho ndani ya kizima moto chake? Sisemi ile rangi nyekundu wala stika ya tarehe. Ndani.

Wengi wetu hutazama mshale tu. Ukiwa kwenye kijani, tunaridhika. Lakini mshale ule unapima presha ya gesi, ambayo kwa kawaida ni naitrojeni, na kazi ya gesi hiyo ni kuisukuma poda itoke. Haupimi poda. Mtungi unaweza kuwa na gesi ya kutosha na poda nusu, au poda iliyoganda kama saruji iliyonyeshewa, na mshale ukabaki pale pale kwenye kijani. Nimefungua mtungi wa namna hiyo katika duka moja la kaunti hii. Mwenye duka alikuwa amelipia kujaziwa poda. Alichouziwa ni stika.

Poda zenyewe si moja. Iliyoandikwa BC mara nyingi ni bikaboneti ya sodiamu, jamaa wa karibu wa magadi tunayolainishia isyo. Inazima petroli na gesi. Iliyoandikwa ABC ina fosfeti ya amonia, ukoo mmoja na DAP tunayopandia mahindi. Hiyo ikipata moto huyeyuka na kufunika mbao, nguo au godoro, ikazuia hewa isifikie makaa. Ukizima godoro kwa BC, ndimi za moto zitapotea, ugeuke kushukuru Mungu, na makaa yawake tena nyuma yako. Walimu wakuu, mabweni yenu yanahitaji ABC.

Na zisichanganywe. Moja ina asidi na nyingine ni kinyume chake. Zikikutana na unyevu kidogo zinatoa gesi na kuganda. Fundi anayemwagia poda mpya juu ya aina nyingine iliyobaki anakuharibia mtungi.

Basi mfanyeje? Fundi akija, kaa naye. Afungue mtungi mbele yako na amwage poda ya zamani uione. Mtungi wa kilo 9 maana yake ni kilo 9 za poda peke yake. Chuma kina uzito wake. Uzito wa jumla kwa kawaida umeandikwa ubavuni, na mizani ya kinu cha posho inatosha kuuhakiki. Kisha chukua poda kidogo kabisa, uinyunyize juu ya maji kwenye glasi. Poda nzuri imetiwa silikoni ili isinywe maji, kwa hivyo itaelea. Ikilowa na kuzama, usilipe.

Wenye matatu, barabara zetu za murram zinaushindilia ule unga chini ya mtungi. Mara moja kwa mwezi ugeuze juu chini na usikilize kama poda inateremka. Na ukibonyeza hata sekunde moja, mtungi huo unarudi kwa fundi: poda hunasa kwenye valvu na gesi huvuja polepole.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai vifaa vya kuzima moto viwepo, vitunzwe, na viwe mahali pa kufikika upesi. Naona vingine vimefichwa nyuma ya magunia ya mchele.

Sitawadanganya kwamba poda ni kila kitu. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, wanafunzi 67 walikufa bwenini Kyanguli, hapa hapa kwetu. Petroli ilimwagwa, mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, madirisha yalikuwa na vyuma. Mtungi mmoja hutoa poda kwa sekunde chache tu, hata nusu dakika haifiki. Ni wa moto mdogo, na wa mtu ambaye mlango uko wazi nyuma yake. Kwa hivyo nikija kukagua bweni, nitaanza na mlango.

Hapa mezani kuna mitungi mitatu, yote mshale uko kwenye kijani. Mmoja ni mbovu. Njooni muiinue, mniambie ni upi.